Utengamao wa kikazi: tumezoea kuanzia darasani

Mkataba Namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1983, unaeleza lengo la utengamao wa kikazi kwa maneno machache: mtu mwenye ulemavu apate kazi inayomfaa, adumu nayo, na apande ndani yake. Ukiyaweka mambo hayo matatu kando ya ripoti za mwaka za vyuo vingi vya ufundi vya watu wenye ulemavu, pengo linajionyesha lenyewe. Ripoti zimejaa idadi ya waliosajiliwa, waliohitimu, waliopewa vyeti na vifaa vya kuanzia maisha. Waliopata kazi wametajwa kwa makadirio. Waliodumu hawamo. Waliopanda cheo hawana hata safu ya kuandikiwa.

Usimlaumu mtunza kumbukumbu. Huduma yenyewe ndiyo iliyopangwa hivyo: mtu anapimwa, anafundishwa miezi sita au miaka miwili, anakabidhiwa cheti, halafu anaambiwa akatafute kazi. Mpangilio huu ulipata nguvu katika huduma za majeruhi wa vita viwili vya dunia. Wengi wa majeruhi hao walikuwa watu wazima waliokwisha kufanya kazi kabla ya kuumia, wakijua nidhamu ya kazini na wenye watu wanaowafahamu, na walichokosa hasa ni ufundi unaolingana na mwili wao mpya. Kwao ulifaa. Lakini kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye hajawahi kuajiriwa, au mtu anayeishi na skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, hapungukiwi cheti tu. Amekosa mlango wa kuingilia, na mtu wa kumsindikiza akishaingia. Darasa halimpi hata kimoja kati ya hivyo.

Njia ya kugeuza mpangilio huo imejaribiwa kwa muda wa kutosha. Katika miaka ya 1990, Deborah Becker na Robert Drake walibuni huko New Hampshire, Marekani, mfumo wa Individual Placement and Support, unaojulikana kwa kifupi kama IPS, kwa ajili ya watu wenye matatizo makubwa ya afya ya akili. Mtu anayetaka kazi anatafutiwa kazi halisi, yenye mshahara wa kawaida, na msaada na mafunzo vinamfuata hukohuko kazini. Tafiti zilizowagawa washiriki kwa bahati nasibu, katika mabara kadhaa, zimeonyesha kwamba wanaopitia njia hii huajiriwa kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wanaopitia huduma za kawaida.

Walioiga jina bila kuiga kazi yenyewe hawakupata matokeo hayo. Masharti ya IPS ni makali kuliko yanavyosikika. Hakuna anayekataliwa kwa sababu ya utambuzi wa ugonjwa wake au kwa kuwa "hajawa tayari". Akitaka kazi, amekubaliwa. Mawasiliano na mwajiri wa kwanza yanafanyika ndani ya takriban siku 30 tangu mtu asajiliwe. Afisa ajira mmoja hahudumii zaidi ya watu 20. Anakaa katika timu moja na wauguzi na madaktari wa mteja, ili dawa inayomletea usingizi asubuhi ijadiliwe kabla mtu hajafukuzwa kwa kuchelewa. Kila wiki anatakiwa aonane uso kwa uso na waajiri au mameneja wasiopungua sita. Huduma inapokwama, sababu mara nyingi iko kwenye sharti hilo la mwisho: afisa amepewa watu 50, anajaza fomu kutwa nzima, na "kutafuta kazi" kumegeuka kutuma barua pepe zenye wasifu ulioambatishwa. Meneja wa ghala ambaye hujawahi kukaa naye akakueleza anateseka wapi na wafanyakazi wake hatakujibu barua hiyo. Kwa nini ajibu?

Hoja hii haimaanishi vyuo vifungwe. Fundi umeme lazima asome, vilevile mhasibu na mtengenezaji wa programu za kompyuta, na mtu asiyeona anahitaji muda wa kuzoea nukta nundu, fimbo nyeupe na kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, kabla ya kufika popote. Ila chuo kinachofundisha ushonaji, ufumaji na useremala mwaka nenda mwaka rudi, bila mwajiri hata mmoja kuketi kwenye kamati ya mitaala, kinafundisha hivyo kwa sababu cherehani zimo stoo, mwalimu yuko kwenye orodha ya mishahara na mtihani upo tayari. Dawa yake si ngumu: kozi isifunguliwe mpaka waajiri kadhaa waandike ni nafasi zipi wanazo, zinahitaji ujuzi gani, na watapokea wanafunzi wangapi wa mafunzo kwa vitendo. Na mafunzo hayo kwa vitendo yaanze mapema, hata wiki ya tatu, badala ya kuachwa yawe mapambo ya muhula wa mwisho.

Upimaji nao umebaki nyuma. Bado kuna ofisi zinazomkalisha mtu mbele ya ubao wa kuchomeka vijiti, zikahesabu sekunde, zikaandika kwamba "hafai kwa kazi za mikono zenye kasi". Kipimo hicho kinaeleza jinsi anavyochomeka vijiti mbele ya mgeni ofisini, basi. Kipimo chenye thamani hufanyika mahali halisi: sehemu mbili au tatu tofauti, siku chache kila moja, katika shughuli ambazo wengine wanalipwa kuzifanya. Mpimaji anaangalia mambo ambayo ubao hauonyeshi. Kasi inashuka baada ya saa ngapi? Kelele inamvuruga au haimgusi? Akipewa maagizo matatu kwa mpigo, analikumbuka lipi? Anamuuliza nani akikwama? Alifikaje asubuhi, na je, usafiri huo upo pia zamu inapotoka usiku? Ripoti itakayotoka hapo haitasema "anaweza" au "hawezi". Itasema anaweza katika hali gani, na afisa ajira atakuwa na kitu cha kuzungumza na mwajiri.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa kuliko zote: kuichambua kazi yenyewe. Tangazo la kazi halitoshi, kwa kuwa matangazo huandikwa kwa kunakili ya mwaka uliopita, ndiyo maana hata kazi ya kukaa kwenye kiti huombewa mtu "mwenye afya njema ya mwili". Afisa aende akaitazame kazi zamu nzima, akiandika nini kinafanyika, kwa mkono gani, kwa kutazama wapi, mara ngapi kwa saa, na kosa likitokea linagharimu nini. Mara nyingi atagundua kwamba nafasi moja imebeba kazi mbili. Muuguzi anatumia sehemu ya zamu yake kujaza makabati vifaa vya tiba. Karani wa mapokezi anaacha foleni ili akapige skani mafaili ya zamani. Kazi hizo ndogo zikikusanywa kutoka kwa watu watano au sita, inazaliwa nafasi moja kamili yenye maana, na wale watano wanarudi kwenye utaalamu waliosomea. Hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, ilifuata njia ya namna hiyo ilipoanzisha mpango wa Project SEARCH mwaka 1996, ikianza na kazi ya kujaza vifaa katika idara ya dharura. Tangu hapo mpango huo umesambaa katika nchi kadhaa, na wanafunzi wenye ulemavu wa akili wanatumia mwaka wao wa mwisho wa masomo ndani ya hospitali, benki au ofisi za umma.

Halafu inakuja kazi ya msindikizaji, yule anayemfundisha mtu kazini. Huu ni ufundi kamili, ingawa wengi huukabidhi kwa yeyote mwenye huruma. Mtafiti Mmarekani Marc Gold alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watu walioandikwa kuwa na ulemavu mkubwa wa akili wanaweza kuunganisha vifaa vyenye sehemu nyingi, kama breki za baiskeli, mafundisho yakipangwa vizuri. Mbinu bado ni ileile. Chukua kukunja na kupanga mashuka katika dobi la hospitali. Msindikizaji anaifanya kazi hiyo mwenyewe mpaka aizoee, kisha anaigawa katika hatua, tuseme 14, kila hatua ikiwa kitendo kimoja kinachoonekana kwa macho. Anachora jedwali. Kila awamu anatia alama hatua zilizofanywa bila msaada. Kwenye hatua iliyokwama anasubiri sekunde tatu hadi tano kabla ya kuingilia. Mwanafunzi asipoendelea, anaonyesha kwa kidole. Ikishindikana anaifanya ili aigwe. Kushika mkono ni la mwisho kabisa, na kwa ridhaa. Maneno mengi yanapoteza muda. Kwa anayekata tamaa upesi, hufaa kuanza na hatua ya mwisho: msindikizaji anafanya 13, mwanafunzi anamalizia ya 14 na kuliweka shuka rafuni, ili kila awamu iishie kwenye kazi iliyokamilika mikononi mwake.

Kosa linaloharibu yote haya ni msindikizaji kukaa karibu mno kwa muda mrefu mno. Wiki ya nne mfanyakazi anajua kazi, lakini anaijua kazi pamoja na mtu aliyesimama begani. Wenzake nao wamezoea kumuuliza msindikizaji ("mwambie asogeze kapu") badala ya kumwambia mhusika. Siku msindikizaji asipokuja, kazi inasimama na meneja anapiga simu. Kujiondoa lazima kupangwe tangu siku ya kwanza: kutoka zamu nzima hadi nusu zamu, kutoka nusu hadi kupita mara mbili kwa wiki, hadi mara moja kwa mwezi. Jedwali la hatua ndilo linaloamua, si kalenda ya mradi. Na tangu wiki ya kwanza atafutwe mwenzake wa zamu, mtu anayeheshimiwa na asiyelazimishwa, awe ndiye anayeulizwa maswali. Ziara zisikatike kabisa hata baada ya mwaka. Mtu hupoteza kazi aliyoimudu vizuri kwa sababu tu mashine imebadilishwa, msimamizi amehama au ratiba ya zamu imegeuzwa, na hakuna aliyekuwapo kumfundisha upya kwa siku mbili.

Marekebisho ya mahali pa kazi yanaogopwa na waajiri kuliko yanavyostahili. Nchini Marekani, kituo cha ushauri kinachoitwa Job Accommodation Network kimekuwa kikiwauliza waajiri kwa miaka mingi, na takriban nusu au zaidi ya marekebisho wanayoyaripoti hayakugharimu fedha yoyote. Kubadili saa ya kuanza zamu hakuna bei. Kutoa maagizo kwa maandishi hakuna bei. Yanayogharimu mara nyingi hugharimu mara moja.

Kinachokwamisha zaidi ni marekebisho ya nusunusu. Njia mteremko ya kitimwendo inajengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6, lakini fundi anaona nafasi haitoshi anajenga mita moja na nusu, na mfanyakazi anasukumwa na mlinzi kila asubuhi. Au mteremko uko sawa, mlango una upana wa sentimita 90, meza ina nafasi ya magoti ya sentimita 70 kwenda juu, ila choo kiko ghorofani. Kitimwendo kinahitaji duara la takriban sentimita 150 ili kigeuke. Wapimaji hulikumbuka ofisini na kulisahau chooni. Kwa kiziwi, kinachotajwa kwanza ni mkalimani wa lugha ya alama, na kwa mikutano mirefu wanahitajika wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, maana usahihi wa mmoja hushuka akichoka. Kinachosahaulika ni king'ora cha moto kisicho na taa ya kuwaka na kuzima, pamoja na zile dakika tano za kila asubuhi ambapo msimamizi anatangaza mabadiliko akiwa ameipa timu mgongo.

Kwa asiyeona, kisoma skrini si tatizo tena; NVDA, kilichoanzishwa na Waaustralia wawili mwaka 2006, kinapatikana bure. Tatizo ni mfumo wa ofisi. Vitufe vya picha visivyo na maandishi nyuma yake husomwa "kitufe, kitufe, kitufe". Nyaraka zilizopigwa skani kama picha hazisomwi kabisa. Kwa hiyo jaribio lifanyike kabla ya mkataba kusainiwa: mtumiaji halisi wa kisoma skrini akae na mfumo halisi saa mbili, afanye kazi tano za kila siku, na kila anapokwama paandikwe. Kulijua hilo wiki ya pili ya ajira ni kumbebesha mfanyakazi lawama ya fundi wa kompyuta.

Kuna kundi ambalo utengamao huliacha kwa urahisi wa ajabu, nalo ni watu waliokuwa kazini wakapata ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, Ibara ya 27, unataja kubaki kazini na kurejea kazini sambamba na utengamao wa kikazi, na hapa muda una uzito kuliko fedha. Kadiri mtu anavyokaa nje, ndivyo uwezekano wa kurudi unavyopungua, hata kama jeraha linapona. Ujerumani inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mpango wa kurejea pindi anapokuwa mgonjwa kwa zaidi ya wiki sita ndani ya miezi 12, na kuna utaratibu wa kurudi kwa ngazi: saa mbili kwa siku, kisha nne, kisha sita, kwa muda uliokubaliwa na daktari. Kwingineko watu husubiri "apone kabisa", na aliyevunjika uti wa mgongo hatapona kabisa. Au anapewa "kazi nyepesi" isiyo na tarehe ya mwisho wala maelezo, anakaa kwenye benchi la stoo, na baada ya mwaka anaonekana mzigo. Kazi nyepesi iandikwe: majukumu gani, saa ngapi, mapitio tarehe ipi, ngazi inayofuata ni ipi.

Familia nyingi zina hofu nyingine ambayo maafisa hawaiulizi. Pale penye posho ya ulemavu au bima ya afya inayofungamana nayo, mshahara wa miezi mitatu unaweza kuiondoa posho ambayo ilichukua miaka kupatikana. Mzazi anayemkataza kijana wake kuchukua kazi mara nyingi amepiga hesabu yake vizuri. Afisa aketi nao na karatasi moja: mshahara upande mmoja, upande wa pili nauli, msaidizi, posho itakayopungua, bima itakayobadilika. Halafu swali la kisheria: kazi ikiisha baada ya miezi miwili, posho inarudi yenyewe au ombi linaanza upya? Mfumo unaosimamisha posho bila kuifuta unaondoa hofu hiyo kuliko semina yoyote ya uhamasishaji.

Sheria za kutenga nafasi husaidia, kwa sharti kwamba kuna mtu wa kuzijaza. Ujerumani inawadai waajiri wenye nafasi kuanzia 20 wawape watu wenye ulemavu asilimia 5 ya nafasi hizo, na wanaopungukiwa hulipa tozo inayotumika kugharamia marekebisho na wasindikizaji. Mfano huo ni mzuri kwa kuwa fedha inarudi kazini. Ufaransa inadai asilimia 6. Japani ilipandisha kiwango cha kampuni binafsi hadi asilimia 2.5 mwezi Aprili 2024, na hapohapo ikakabiliana na upande wa pili wa shilingi: biashara zinazoikodishia kampuni shamba la mboga lililo mbali na ofisi, pamoja na watu wenye ulemavu wa kulitunza, ili asilimia itimie bila yeyote kuingia ofisini. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa 2006 ilisema wazi mwaka 2022 kwamba ajira ya kutengwa, yaani ya watu wenye ulemavu peke yao mbali na wengine, haihesabiki kuwa utekelezaji wa haki ya kufanya kazi. Karakana za watu wenye ulemavu pekee, zinazolipa chini ya kima cha chini, zinatetewa kuwa ni daraja la kwenda kwenye ajira ya kawaida. Daraja hilo lingekubalika kama watu wangeonekana wakitokea upande wa pili. Kwa kawaida wanastaafia humo.

Inabaki jinsi ya kuwalipa watoa huduma. Serikali au mfadhili anayelipa kwa kila mhitimu atapata wahitimu. Anayelipa kwa ajira iliyosainiwa atapata mikataba ya wiki sita. Malipo yagawanywe: sehemu mpango ukikamilika, sehemu siku ya 30 kazini, sehemu kubwa siku ya 90 na ya 180, na nyingine mwaka ukitimia, huku zikiandikwa saa za kazi kwa wiki na mshahara ukilinganishwa na wa wenzake wa nafasi hiyohiyo. Mfumo huu nao una mtego wake. Mtoa huduma mwerevu atachagua wenye ulemavu mwepesi na kuwaacha wenye mahitaji makubwa kwenye orodha ya kusubiri. Kwa hiyo viwango vya malipo vipande kulingana na kiasi cha msaada kinachohitajika, na kiwango hicho kiamuliwe na mtu asiyelipwa kutokana nacho. Orodha ya waliokataliwa, pamoja na sababu zao, ikaguliwe kwa umakini uleule wa orodha ya walioajiriwa.